Nimepata BMW R1200RT ya mtumba kwa dila hapa Uingereza, ninunue au niachane nayo?

"Salaam fundi. Naishi Leicester, nina miaka 51, leseni kamili ya pikipiki ninayo na saivi naendesha Honda CB500X. Mimi na mke wangu tunataka mwezi wa sita tuzunguke Scotland ile njia ya North Coast 500, na Mungu akijalia mwakani tuvuke hadi Ufaransa. Nimeona BMW R1200RT ya 2014 kwa dila, maili 29,800, pauni 6,490, waranti miezi mitatu. Kuna mzee mmoja naye anauza yake ya 2013, maili 11,000 tu, pauni 5,200. Nimesoma kwamba za 2014 shokamzoba ya nyuma inakatika, mke wangu kasikia anaogopa. Dila anasema hakuna kujaribu barabarani mpaka niweke dipoziti ya pauni 500, na siku niliyoenda nilikuta injini ishawashwa. Jamaa zangu wanasema madila wezi tu, nichukue ya mzee. Nifanyeje?"

Salaam ndugu yangu, na shemeji msalimie. Nimeisoma mara mbili maana naona una hofu mbili zimeshikana, moja ni ubovu wa chombo chenyewe na ya pili ni kuibiwa na anayekuuzia, na ukizichanganya hutoamua kitu. Nikujibu kabisa mapema ili usome bila presha: ile ya dila inaweza kuwa pikipiki nzuri sana kwa safari yenu, ila kwa hayo masharti aliyokupa usitoe hata senti. Akiyabadilisha, endelea. Akikataa, ondoka, RT za mtumba hapa Uingereza zipo nyingi.

Tuanze na la shokamzoba kwa sababu ndo limemtisha shemeji. Ni kweli lilitokea. Mwezi wa sita 2014 BMW waliwaambia wenye R1200RT mpya zenye Dynamic ESA, yani ile shokamzoba inayojirekebisha kwa umeme, waziegeshe wasiziendeshe, maana fimbo ya pistoni ndani ya shokamzoba ya nyuma ilikuwa inaweza kuvunjika. Kampuni ikitamka "usiendeshe kabisa" ujue wamelichukulia uzito, na kweli shoka zile zikabadilishwa. Kwa hiyo hilo si ugonjwa wa pikipiki zote za 2014 mpaka leo, ni kundi fulani lililotoka na kifaa kibovu kikatolewa. Unachotaka wewe ni uthibitisho. Muombe dila namba ya fremu, zile herufi na tarakimu 17, mpigie wakala rasmi wa BMW yeyote muulize kama kuna agizo la kiwandani halijafanyiwa kazi kwenye namba hiyo. Tovuti ya serikali pia ina sehemu ya kuangalia bure kwa namba ya usajili, ila mimi namuamini zaidi wakala kwa sababu anaona kazi iliyofanyika na tarehe yake. Ikishaonekana imefanyiwa, mwambie shemeji habari hiyo imeisha.

Ambacho kingenipa wasiwasi zaidi ni uzee wa kawaida wa hiyo shoka. Maili karibu 30,000 ni nyingi kwa shoka yoyote inayobeba watu wawili na mabegi. Chuchumaa nyuma na tochi uangalie ile fimbo inayong'aa, ukiona unyevu wa oili na vumbi limegandia hapo, sili zimechoka, na shoka ya ESA mpya ni kitu cha mamia ya pauni hadi kuvuka elfu. Hicho ndo kitu cha kumuonyesha dila mkiwa mnaongea bei.

Sasa hii ya maili 11,000. Karibu kila mtu anayeniuliza anaamini maili chache ndo uzima, na kwa pikipiki ya safari hiyo imani inawapoteza watu. Pikipiki iliyokaa gereji bado inazeeka. Oili ya breki inanyonya unyevu wa hewa hata ikiwa imesimama, ndo maana inabadilishwa kila miaka miwili bila kujali maili, ikipitiliza inaanza kuchemka mapema ukibana breki kwenye mteremko mrefu, na ndani ya kalipa kutu inaanza. Petroli ya kawaida hapa tangu Septemba 2021 ni E10, ina ethanoli hadi asilimia 10, nayo inavuta maji, ikilala kwenye tangi miezi na miezi inaharibika. Mpira wa tairi unakauka hata kama kashata zake bado ndefu. Sili zinakakamaa, betri inakufa. Soma ubavuni mwa tairi, kuna tarakimu nne zimezungushiwa, 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Kama tairi za huyo mzee ni za zamani hivyo, hiyo bei ya 5,200 ongezea tairi mbili, oili zote, betri na pengine pampu ya mafuta, utakuta ule unafuu umeisha nusu.

Halafu hizo mbili si pikipiki moja kwa miaka tofauti, wengi hawalijui hili. Ya 2013 ni kizazi cha zamani, injini inapozwa kwa hewa na oili, na klachi yake ni kavu, imekaa katikati ya injini na giaboksi. Siku ikiisha, fundi anaitenganisha pikipiki vipande viwili ndo aifikie, saa za kazi ni nyingi. Ya 2014 ndo ya kwanza kwa RT kupata injini inayopozwa na maji pia, nguvu farasi 125 badala ya 110, na klachi inayooga kwenye oili ambayo imehamishiwa mbele ya injini, kuifikia ni rahisi. Sisemi ya zamani mbaya. Ni nyepesi kidogo, haina mambo mengi ya umeme, na kama mzee ameifanyia sevisi kila mwaka na risiti anazo kwenye faili, mimi ningeenda kuiangalia kwa moyo mmoja. Ila kwa nyinyi wawili na mizigo, kupanda Bealach na Bà kule Applecross, mita 626 kutoka usawa wa bahari na kona zake zile za kukunja, ya 2014 itakupa raha zaidi.

Tuje kwa watu. Jamaa zako wanasema dila mwizi, na kweli wapo wa hovyo, lakini wanasahau kile unachonunua ukilipa ile pauni elfu moja na mia tatu ya ziada. Hununui injini nzuri zaidi, dila na mzee wote wanaweza kukupa injini nzuri au mbovu. Unanunua haki ya kurudi. Ukinunua kwa mfanyabiashara, Consumer Rights Act ya 2015 inasema chombo lazima kiwe na ubora wa kuridhisha kwa umri na bei yake, kifae kwa kazi yake, na kilingane na alivyokieleza. Ndani ya siku 30 ukigundua ubovu uliokuwepo tangu anakukabidhi, unaweza kumrudishia uchukue pesa yako yote, ila hapo wewe ndo unatakiwa kuonyesha kwamba ubovu upo. Baada ya siku 30 mpaka miezi sita anapata nafasi moja ya kutengeneza, na sheria inachukulia ubovu ulikuwepo tangu mwanzo mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Akishindwa kutengeneza unaweza kuirudisha, isipokuwa kwa vyombo vya moto anaruhusiwa kukata kiasi kwa matumizi uliyoyafanya. Kwa mzee hakuna hayo, mtu binafsi anachodaiwa ni asikudanganye alivyoieleza na awe na haki ya kuiuza, basi. Giaboksi ikigoma wiki ya pili ni yako.

Ndo maana hiyo waranti ya miezi mitatu isikupumbaze wala isikutishe. Sheria inakupa zaidi ya hiyo, na dila hawezi kukuambia "waranti imeisha" halafu haki zako zikafa nayo. Hata akiandika kwenye risiti "inauzwa kama ilivyo", kwa mnunuzi wa kawaida kama wewe maandishi hayo hayana nguvu. Ila uwe mkweli na wewe, pedi za breki zilizolika kidogo kwenye pikipiki ya umri huo si ubovu, na kasoro aliyokuonyesha kabla ya kununua huwezi kuja kuidai baadaye. Kwa hiyo soma kila karatasi kabla ya kusaini, wengine wanaorodhesha kasoro kwa maandishi madogo.

Na lipa sehemu kwa kadi ya mkopo, hata pauni mia na kidogo tu, kama una kadi hiyo na utailipa mwezi huohuo. Kuna kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya 1974, bidhaa ya zaidi ya pauni 100 hadi 30,000 ukilipia japo sehemu kwa kadi hiyo, kampuni ya kadi inabeba jukumu pamoja na muuzaji kwa bei yote. Dila akifunga duka usiku mmoja, unayo njia ya kufuata pesa yako. Kadi ya debiti haina kinga hiyo.

Sasa masharti yake. Dipoziti ya pauni 500 ya kununua kabla hujaipanda, hapana. Kuna kitu kingine ambacho ni halali kabisa na wengi wanafanya, anashikilia kiasi kwenye kadi yako kwa ajili ya bima ya majaribio, ukirudi salama anakiachia. Muulize ni ipi kati ya hizo mbili, na akuandikie kwamba inarudi. Bila kuipanda kuna vitu hutovijua hata uikodolee macho siku nzima. Chukulia taa ya ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukibana breki. Kwenye BMW ukiwasha inamweka, na inaendelea kumweka mpaka pikipiki itembee kidogo ndo mfumo umalize kujikagua izime. Imesimama shorumu zote zinamweka, nzima na mbovu. Hapo ndo unaelewa kwa nini mwenye ABS mbovu hapendi uitoe barabarani, na moduli ya ABS si kitu cha bei rahisi.

Na injini iliyowashwa kabla hujafika, hilo linanikera. Pengine aliisogeza tu kutoka stoo, simtuhumu. Lakini pigia simu siku moja kabla, mwambie "nakuja saa nne, naomba isiwashwe mpaka nifike", na ukifika kabla hata ya salamu kuisha weka kiganja juu ya kichwa cha silinda, zile mbili zimetokeza pembeni hazifichiki. Ikiwa ya vuguvugu, mwambie utarudi siku nyingine. Injini baridi inasema ukweli wote: betri inazungusha kwa nguvu au inasuasua, tapeti zinagonga au la, moshi rangi gani. Hapa nikutoe hofu moja, injini za boksa, yani hizi zenye silinda zilizotokeza kushoto na kulia, zikiwa zimelala kwenye stendi ya pembeni oili kidogo inateremkia silinda ya kushoto, kwa hiyo moshi wa buluu sekunde chache upande mmoja halafu ukapotea si balaa. Ukiendelea baada ya injini kupata moto, hapo kuna shida. Na ule mlio wa "klak" ukitia gia ya kwanza ni tabia yake.

Ukishaiwasha na kuizima, ipandishe kwenye stendi ya katikati. Shika gurudumu la nyuma mkono mmoja juu mmoja chini, vuta-sukuma. Ikigonga au ukihisi mchezo, beringi za difu zina neno la kusema. RT haina mnyororo, nguvu inakwenda kwa propela shafti hadi difu ya nyuma, faida yake hupaki grisi wala kukaza mnyororo safarini, hasara yake ikiharibika gharama yake ni kubwa. Futa kwa tishu pale mpira wa shafti unapokutana na difu, tishu ikitoka na oili uliza maswali. Halafu lala chini kabisa uangalie kofia za silinda kwa upande wa chini na chini ya yale maboksi ya pembeni, pikipiki ya uzito huu ikianguka hata ikiwa imesimama ndo sehemu zinazogusa lami. Mkwaruzo mmoja si kosa, lakini kofia mpya upande mmoja na ya zamani upande mwingine, ulizia. Chumvi ya barabarani wakati wa baridi nayo inakula, angalia kichwa cha kila boliti, mabomba ya ekzosi, rangi ikiwa imevimba kwenye difu. Kioo cha mbele kipandishe mpaka mwisho na kishushe mara kadhaa, jaribu joto la mikononi na la siti zote mbili, badilisha kila hatua ya ESA, fungua na funga kila boksi kwa ufunguo. Usione aibu, ni pauni elfu sita.

Karatasi ni rahisi na nyingi ni bure. Historia ya MOT, yani ule ukaguzi wa lazima wa kila mwaka, ipo kwenye tovuti ya serikali, unaingiza namba tu, utaona maili za kila mwaka na kila onyo alilopewa mwenye nayo. Onyo moja la tairi mwaka mmoja na mwaka uliofuata halipo, huyo alikuwa anajali. Onyo lilelile miaka mitatu, ujue sevisi ilikuwa ya kubahatisha. Kwenye kitabu cha sevisi unatafuta kazi kila maili 6,000 au kila mwaka, na tapeti kupimwa kila 12,000, kwa hiyo kwa maili 29,800 lazima uone ya 12,000 na ya 24,000. Mhuri peke yake haunitoshi, nataka risiti imeandikwa nini kilibadilishwa. Kama ya 24,000 haipo, dila aifanye kabla ya kukukabidhi na akupe risiti, au aishushe bei. Na lipia ule ukaguzi wa HPI ujue kama haina mkopo wa mtu, haijaibiwa, haikuwahi kuandikwa Cat S au Cat N, yani kufutwa na bima, baada ya ajali. Polisi wa hapa wametumia sana RT, nyingine zinaishia sokoni, kwa hiyo angalia kama kuna matundu yaliyozibwa yalipokuwa redio na taa.

Kuna jambo hukuuliza ila naliona ni kubwa kuliko shokamzoba, nalo ni uzito. RT ya 2014 ikiwa imejaa mafuta ni kilo 274, uzito wa juu unaoruhusiwa na kila kitu juu yake ni 495. Inabaki 221. Sijui kilo zenu, tuseme nyinyi wawili 165, inabaki 56, toa helmeti, majaketi, buti na suruali zile nzito, karibu kilo 20 imeenda, toa boksi la nyuma na vikorokoro alivyoongeza mwenye nayo wa kwanza. Mizigo yenu halisi ni kama kilo 25 hadi 30, basi. Inawezekana, ila si kwa masanduku ya harusi. Na upepo tairi uwe PSI 36 mbele na 42 nyuma, pima tairi ikiwa baridi.

Kwako wewe umetoka kwenye CB500X, ukiwa mwendo wa kawaida RT utaiona nyepesi kwa sababu ile injini uzito wake uko chini. Shida ni kuisukuma kwa miguu kwenye changarawe, kugeuza kwenye njia nyembamba za Highlands, kusimama sehemu yenye mteremko shemeji akiwa nyuma. Kwa hiyo kwenye majaribio usikimbie tu barabara kuu, tafuta kiwanja ugeuze duara dogo kushoto na kulia, na muombe dila shemeji akae japo nyuma ya duka mkiwa mmesimama, miguu yako ikanyage vizuri, yeye apande na kushuka bila kukuangusha. Kama mabega yanatetemeka, hilo halitibiki kwa sevisi. Ziko nyepesi zinazosafiri vizuri, F800GT ina kilo 213 na mkanda badala ya mnyororo, Yamaha Tracer 900 nayo ni ya uzito wa hukohuko, ingawa abiria hakai kifalme kama kwenye RT. Ukiweza kodi RT wikendi moja kabla, pesa hiyo haijapotea.

Pesa nyingine pita nayo haraka. Bei ya bima iulize kabla ya kulipa chochote, kwa namba ya pikipiki na postikodi yako. Ada ya "karatasi" wanayoongeza mwishoni uliza mapema na useme hulipi. Waranti ya ziada ya kununua, isome imetenga nini, nyingi zinaruka shoka, klachi na umeme, na hivyo ndo vyenyewe. Ukichukua kwa mkopo wa HP, yani ule wa kulipa kidogo kidogo mpaka iwe yako, kumbuka si yako mpaka malipo ya mwisho, hutoweza kuiuza katikati ukikwama.

Sasa hatua zako. Mpigie dila leo, namba ya fremu, picha za kitabu cha sevisi na za tairi. Akituma bila kuzunguka, panga kwenda asubuhi injini ikiwa baridi na umlipe fundi wa kujitegemea anayezijua boksa aende nawe au mpeleke baadaye, saa moja ya mtu aliyeshika hizi pikipiki kwa mikono inakuonyesha ambayo mimi siwezi kuyaona kwa maandishi. Dila akikataa fundi wako asiiguse, hiyo ni sababu tosha ya kuondoka. Akikubali na kila kitu kikawa sawa, mpe 6,100 na tairi mpya kama zilizopo zimepita miaka mitano, uone atasema nini. Kwa mzee nenda pia, ila na fundi huyohuyo, na ukaione ilipolala nyumbani kwake, logbuku ya V5C iwe na jina lake na anwani ileile.

Ukishainunua usisubiri mwezi wa sita. Itembeze wiki hiyohiyo, mvua na jua, mmoja na wawili, mpaka zile siku 30 ziishe. Ukisikia kitu, usimpigie simu tu, andika barua pepe yenye tarehe, sema ubovu na unachotaka, na usiruhusu fundi mwingine aufungue kabla hajajibu. Akianza kukuzungusha, Citizens Advice wanakusaidia bure. Na breki zikiwa laini, usukani ukitikisika au kukiwa na harufu ya petroli, hapo usiendeshe hata kuirudisha dukani, mwambie aje aichukue na gari.